Mtoto Anapoanza Kutambaa
Kuna mtoto anayetambaa akiwa na miezi 6, na wa jirani akangoja hadi 11. Wote ni wazima. Shirika la Afya Duniani lilichunguza na kukuta kwamba watoto kama 4 kati ya 100 hawatambai kwa magoti kabisa, kwa hivyo acheni kuwashindanisha. Mtandikieni mkeka, mlazeni kifudifudi akiwa macho, mkae karibu. Kikombe cha plastiki kiwe mbele kidogo ya mkono wake. Jiko na ndoo ya maji viwe mbali. Lakini akipita miezi 9 hawezi kuketi bila kushikiliwa, au anatumia upande mmoja tu wa mwili, msingoje. Chukueni kile kijitabu cha mama na mtoto, mje zahanati. Baba naye anaruhusiwa kumleta.