NANI ANAPANGA BEI YA JASHO LETU?

(Hotuba ya katibu mwenezi wa tawi mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Mtwara)



Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Mikindani kuandikisha wanachama. Mama mmoja, mbanguaji wa korosho, akasimama akaniuliza: "Mwanangu, wewe kwa kazi hii unalipwa ngapi?" Watu wakacheka. Mimi nikaona haya, nikageuza maneno. Usiku ule sikulala vizuri. Kwa nini nilione haya swali la haki? Ni kwa sababu tumezoeshwa kwamba mshahara ni siri ya mtu. Leo nataka tuifungue siri hiyo, maana anayefaidika nayo si anayelipwa. Ni anayelipa.

Ndugu zangu, tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni mshahara ulikuwa na rangi. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu aliye katika cheo kama chake. Kazi moja, meza moja, lakini shilingi tano kwa huyu na tatu kwa yule! Tume ya Lidbury ndiyo iliyokuja mwaka 1954 kushauri mgawo huo wa rangi ufutwe. Na katika mashamba ya mkonge, ya huku kwetu na ya kwingineko, manamba alihesabiwa kwa kipande: asipotimiza siku zake thelathini za kazi, hana chake.

Hali hiyo haikubadilika kwa huruma ya mtu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walisimamisha kazi Septemba 1947, na mgomo ukaenea nchini. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na katibu wake mkuu akawa ndugu yetu wa kusini, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea. Watu walitaja mishahara yao hadharani, wakailinganisha, wakadai. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere naye aliutaja wake. Oktoba 1966 aliupunguza kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa.

Sasa tuje kwetu. Mfanyakazi wa serikali ana kima cha chini kinachojulikana: shilingi 300,000 kwa mwezi mwaka 2018, 370,000 tangu 2022, na 500,000 tangu Julai 2025. Mkulima wa korosho kima chake ni kipi? Tufanye hesabu pamoja.

Chukueni mkulima aliyevuna kilo 600. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, wakulima wakakataa, na mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kilo 600 ni shilingi 1,980,000. Gawanyeni kwa miezi kumi na miwili: 165,000 kwa mwezi. Ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kima cha chini cha mwaka ule. Oktoba 2024 bei ya mnada ilipita 4,000. Watu wakashangilia, nami nilishangilia. Lakini kwa 4,000, kilo zile zile ni 200,000 kwa mwezi, wakati kima cha chini cha mwaka ule kilikuwa 370,000. Bado ni nusu na kidogo! Ili amfikie mtumishi wa chini kabisa ilimpasa avune kilo 1,110. Na hapo hatujatoa salfa, palizi, magunia wala makato. Tena huo si ujira wa mtu mmoja. Ni wa baba, mama na watoto waliookota.

Mvuvi wa Msimbati naye vivyo hivyo: hutolewa gharama kwanza, kisha fungu la chombo na nyavu, ndipo walioloa maji wagawane kinachobaki.

Marehemu mama yangu aliniambia: "Soma uwe mwalimu, mwanangu. Mwalimu anajua tarehe ya mshahara." Hakuchukia shamba. Alichoka kupeleka gunia mizanini bila kujua atarudi na nini. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa kwetu wengi huchumia juani, na kivulini anakula mwingine.

Sisemi mwalimu au muuguzi apunguziwe. La hasha! Nasema mambo matatu. Kwanza, kila mkulima aandike gharama zake, ili siku ya mnada chama cha msingi kijue bei isiyofaa kukubaliwa. Pili, korosho nyingi zaidi zibanguliwe hapa hapa, maana ikisafirishwa ghafi, ujira wa kubangua nao umesafiri. Tatu, mbanguaji ajue ujira wake kwa kilo kabla hajaketi, na uandikwe ukutani.

Na wewe mama wa Mikindani, nakujibu mbele ya watu. Mshahara sina, napata nauli na posho ya chakula. Hesabu yake ya mwaka mzima nimeibandika leo mlangoni pa ofisi ya tawi. Njoo uisome, kisha nionyeshe na ya kwako.