Mwalimu Philipp Melanchthon: Kazi Yake na Mapenzi ya Moyo Wake



Makanisa ya Kilutheri, na KKKT miongoni mwao, hulishika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kama maelezo ya imani yao. Wakristo wengi wakiulizwa ni nani aliyeliandika, hutaja haraka jina la Dakta Martin Luther. Lakini Luther hakuwapo hata Augsburg. Alikuwa chini ya marufuku ya Kaisari, akalazimika kubaki katika ngome ya Coburg akisubiri barua. Aliyeshika kalamu ni Philipp Melanchthon, mwalimu wa Kiyunani, mtu ambaye maisha yake yote hakuwekwa wakfu kuwa mchungaji. Katika jubilei hii, ambapo walimu wa kwanza wa usharika wanakumbukwa, yafaa mwalimu huyu naye atazamwe kwa karibu.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, fundi wa silaha, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 11. Jina la ukoo lilikuwa Schwarzerdt, yaani "udongo mweusi". Ndugu yake mzee Johannes Reuchlin, bingwa wa Kiebrania, ndiye aliyeligeuza kuwa la Kiyunani, kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa siku zile.

Alipofika Wittenberg mwezi Agosti 1518 alikuwa na miaka 21 tu, mfupi, mwembamba, tena mwenye kigugumizi kidogo. Siku chache baadaye alitoa hotuba juu ya kuyatengeneza upya masomo ya vijana, na aliyefurahi kupita wote alikuwa Luther. Kijana yule alitaka wanafunzi waende kwenye chemchemi yenyewe, wasome maandiko katika lugha yalimoandikwa, wasitosheke na maji yaliyopita katika mifereji ya watu wengine. Luther alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, lililochapishwa mwaka 1522, ni Melanchthon aliyeketi naye kulisahihisha.

Hapo ndipo yalipozuka mashindano ya upole kati ya marafiki hawa wawili. Mwaka 1521 Melanchthon alikuwa ametoa kitabu chake *Loci communes*, mafundisho makuu ya imani yaliyopangwa kwa utaratibu, yaliyotokana na masomo yake ya Waraka kwa Warumi. Luther alikisifu mno, akataka mwandishi wake aachane na sarufi, afundishe Biblia tu. Melanchthon hakupenda. Alikwisha kupata shahada ya kwanza ya theolojia mwaka 1519, lakini udaktari aliukataa, na mara kwa mara aliomba aachiwe arudi kwa wanafunzi wake wa Kiyunani. Hakuwa akiidharau theolojia. Aliona kwamba mhubiri asiyefundishwa vema kusoma atalipotosha Neno kesho, hata akiwa na bidii kiasi gani leo. Wajibu huo wa kujenga msingi aliupenda kuliko heshima ya mimbari. Wanafunzi wageni wasiojua Kijerumani aliwafafanulia Injili siku za Jumapili kwa Kilatini, lakini alifanya hivyo kama mwalimu.

Wazee wa Tanganyika wangemwelewa. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti. Na mwalimu aliyefundisha watoto kusoma asubuhi ndiye aliyeongoza sala jioni.

Kwa miaka kadhaa Melanchthon aliendesha shule ndogo nyumbani kwake, ambamo vijana waliishi, wakasoma na kuigiza michezo ya Kilatini. Mwaka 1526 shule mpya ilifunguliwa Nürnberg kwa ushauri wake. Aliombwa awe mkuu wake, akakataa. Katika maagizo yake ya mwaka 1528 kwa wakaguzi wa sharika za Saxony aliwagawa watoto katika makundi matatu, akaonya wasilemewe na vitabu vingi wala lugha nyingi kwa pamoja. Akaagiza pia kwamba saa ya kwanza baada ya adhuhuri, kila siku, watoto wote wakubwa kwa wadogo wafundishwe kuimba. Walimu wa kwaya walizingatie hilo.

Hata hivyo hakuwa mtu wa vitabu tu. Alimwoa Katharina Krapp mwaka 1520, wakapata watoto wanne. Husimuliwa kwamba mgeni kutoka Ufaransa alimkuta ameshika kitabu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitikisa kitanda cha mtoto. Mwanawe Georg alifariki mwaka 1529 akiwa mdogo sana. Binti yake Anna aliolewa mwaka 1536 na mmoja wa wanafunzi wa babaye, Georg Sabinus. Ndoa ile haikuwa na raha, na Anna akafa mwaka 1547. Mwalimu aliyemtambua kijana mwenye akili hakuweza kumtambua mume mwema.

Tena alipenda nyota kupita kiasi. Aliamini kwamba mwendo wake hutoa ishara za mambo ya wanadamu, na Luther alimcheka waziwazi kwa hilo. Ni udhaifu, na si vema kuuficha. Lakini kwa sababu ya mapenzi hayo hayo alihimiza hisabati na elimu ya anga zifundishwe Wittenberg.

Baada ya kifo cha Luther mwaka 1546 mzigo wote ulimwangukia. Mwaka 1548, akitafuta kuyaokoa makanisa na shule chini ya nguvu za Kaisari, alikubali kulegeza baadhi ya mambo ya ibada aliyoyaona si ya lazima. Wengi walimwita msaliti, na mkali kuliko wote alikuwa Matthias Flacius, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alikosea kwa kuogopa vita kuliko fitina. Fitina ikaja, ikamfuata hadi kaburini.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1560, akazikwa karibu na Luther. Kabla ya kufa alikuwa ameandika kwenye karatasi sababu za kutoogopa mauti. Upande mmoja aliandika kwamba ataachana na dhambi, na ghadhabu ya wanatheolojia. Upande wa pili aliandika kwamba atamwona Mungu na Mwanawe, naye atajifunza yale asiyoweza kuyaelewa duniani: kwa nini wanadamu wameumbwa hivi walivyo, na jinsi asili mbili zilivyoungana katika Kristo.