Soma Sarafu Kabla Hujatoa Fedha

Mazungumzo mbele ya wakusanya sarafu za kale wa Kilosa na Mikumi



Mkutano uliopita tulikubaliana kila mmoja alete sarafu moja na kueleza habari zake. Naziona hapa mezani. Nyingine zina tundu katikati, nyingine zina picha ya simba. Mimi nimeleta hii moja ya manjano. Sarafu hii ilimla mjomba wangu mbuzi wawili.

Ilikuwa hivi. Alikuja mgeni kijijini kwetu. Akamwambia mjomba, "Mzee, hii ni dhahabu ya Mjerumani. Ilifukiwa wakati wa vita. Yupo tajiri Dar es Salaam anaingoja, ila mimi nimeishiwa nauli. Nipe chochote, uende ukaiuze wewe." Mjomba akauza mbuzi wawili, akatoa fedha. Mgeni akaondoka na basi la asubuhi. Hajaonekana tena.

Mjomba aliifunga sarafu ile kwenye kitambaa, akaificha. Hakumwonyesha mtu kwa miezi mingi. Siku moja akaniita kwa siri. Nikaisogeza mlangoni penye mwanga, nikaisoma. Upande mmoja imeandikwa 20 HELLER. Upande wa pili kuna taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A. Chini kuna herufi T.

Nikamwambia, "Mjomba, hii si dhahabu. Ni shaba." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa!"

Ndiyo, jamani. Ilikuwa imeandikwa. Na hilo ndilo neno langu la leo: sarafu husema yenyewe. Sisi tuliojifunza kusoma tuisikilize.

Sasa niwaeleze herufi zile. D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani yetu. Fedha hazikuweza kuja kutoka Ujerumani. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza sarafu huko Tabora, kwenye karakana ya reli. Ni reli hii hii inayopita hapa Kilosa, iliyofika Tabora mwaka 1912. Walitumia shaba waliyoweza kuipata. Kazi hiyo haikudumu. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa, na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Je, dhahabu haikuwepo? Ilikuwepo. Huko Tabora walitengeneza pia sarafu za dhahabu, kama 16,000 hivi, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tapeli anajua habari hiyo, ndiyo maana uongo wake unafanana na kweli. Lakini hajui kwamba na wewe unajua kusoma.

Basi tushike mambo haya manne:

1. Sarafu ya dhahabu ya Tabora imeandikwa 15 RUPIEN, na ina picha ya tembo. Ikiandikwa HELLER, si dhahabu, hata ing'ae namna gani.

2. Rupia ya Mjerumani yenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili ni ya madini ya fedha. Nayo si dhahabu. Tangu mwaka 1904, rupia moja ilikuwa heller 100. Zamani zaidi ilikuwa pesa 64.

3. Senti za tundu zenye pembe mbili za ndovu na maneno EAST AFRICA ni za wakati wa Mwingereza. Shilingi yake yenye simba na milima ilianza mwaka 1921.

4. Sarafu za Tanzania zilianza mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi ilikuwa na mwenge.

Na hata ile ya tembo huigizwa. Usinunue "dhahabu" njiani kwa mtu anayekuharakisha.

Mtu atauliza, "Kama si utajiri, tunazikusanya za nini?" Siwadanganyi, sarafu ya mjomba ina bei yake, maana wapo wakusanyaji wanaoinunua. Lakini si bei ya dhahabu. Thamani yake kubwa ni habari iliyobeba.

Chukueni rupia. Mjerumani aliweka kodi ya rupia 3, na alitaka kulipwa kwa sarafu zake. Mkulima mwenye mahindi tele hakuwa na rupia. Ilimbidi aache shamba lake akafanye kazi kwenye shamba la mzungu ili aipate. Hiyo ni moja ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, vilivyofika mpaka huku Kilosa. Kwa hiyo ukishika rupia moja, umeshika siku nyingi za jasho la babu.

Habari hizo zimo vichwani mwa wazee. Mzee akifa, zinafukiwa naye. Sarafu itabaki, lakini itakuwa bubu.

Sasa kazi zetu ni hizi. Kila mtu awe na daftari. Kwa kila sarafu aandike mambo matano: maandishi yake, mwaka wake, ilikopatikana, aliyeileta, na alichosimulia. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Utafuta maandishi na kuiharibu kabisa. Ishike ukingoni, ifunge kwenye karatasi kavu, iweke mbali na unyevu.

Wala tusichimbe. Wapo wanaobomoa misingi ya nyumba za zamani na makaburi wakitafuta mali ya Mjerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa mambo ya kale unataka kibali. Ukikuta sarafu ya kale sana, kama zile za shaba za masultani wa Kilwa, toa taarifa serikalini.

Ndugu zangu wa Mikumi, msione aibu kwamba hamna rupia. Anzeni na sarafu za mfukoni. Shilingi 50 ina kifaru, 100 ina swala, 200 ina simba, 500 ina nyati. Simba, swala na nyati mnao jirani hapo hifadhini tangu ilipoanzishwa mwaka 1964. Zinazotumika leo, kesho zitakuwa za kale.

Mwisho, mjomba amenituma. Amesema sarafu yake ikae mezani kila tunapokutana, na kila mgeni aisome kwa sauti. Anasema mbuzi wake wawili wawe karo ya somo letu.

Haya, mama uliyekaa hapo mbele, ipokee. Tusomee.