Kumwonyesha Mgeni Bahari Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Mida, karibu na Watamu.)



Nimeombwa niseme juu ya wageni. Tukiwatembelea wenzetu wa bara, wao hutuonyesha ng'ombe na majani chai. Je, wakija kwetu tutawaonyesha nini? Wengine wenu mtasema, "Pwani kuna nini zaidi ya maji?" Jameni, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe letu sisi ni mshipi.

Kwanza, mpangieni saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mgeni akija maji yametoka ataona matope matupu, na ndege wako mbali kama punje za mchele. Basi afike maji yanapoanza kuingia. Maji ndiyo huwasukuma ndege waje karibu na mikoko. Yakishajaa, ndio mwende kuvua.

Pili, kuvua. Mpe mshipi, ndoana moja na chambo, na mzee mvuvi akae naye chomboni. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, hata anayejua kuogelea. Akipata changu mmoja kwa mkono wake, hatasahau. Lakini juya lisitolewe, hata kwa maonyesho tu. Lilipigwa marufuku mwaka 2001, tena hukokota watoto wa samaki wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko. Na mpaka mnaujua: ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, hakuna kuvua kabisa.

Tatu, ndege. Hapa ndipo penye taabu. Mgeni anatoa noti, anamwambia kijana, "Warushe nipige picha." Kijana anapiga makofi, ndege wote juu! Mgeni anacheka, kijana anatia noti mfukoni. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo. Kitwitwi wengine mnaowaona ni wadogo kuliko kifaranga aliyeanza kuota manyoya, lakini wametoka Siberia, zaidi ya kilomita 8,000. Wanakuja kwetu kuanzia mwezi wa Agosti, na baadaye wengi hurudi kwenda kutaga. Hula matope yakiwa wazi tu, masaa machache. Ukiwarusha, unawanyang'anya chakula cha safari, na safari ya kurudi ikikaribia ndipo wanakihitaji zaidi. Yuko pia yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Huyo hutaga kwenye mashimo ya mchanga huko pande za Uarabuni na Ghuba, na watu hutoka Ulaya kuja Mida kumtazama. Akichoka kufukuzwa atahamia kwingine, na mgeni atamfuata huko. Noti moja ya leo itakuwa imefunga mlango wa kesho.

Basi mgeni akae kimya, asubiri, atumie darubini. Pale Mida pana daraja la mbao katikati ya mikoko, na kibanda cha kutazamia ndege. Lilijengwa ili ada ya wageni isaidie karo za watoto wetu. Mgeni akielezwa hivyo, hulipa kwa moyo.

Nne, pesa. Ziandikwe daftarini siku hiyo hiyo, mbele ya watu: za chombo, za mwongozaji, za akina mama waliopika, na za akiba ya kikundi. Bila hivyo wageni watatuletea ugomvi badala ya faida.

Kabla hatujatawanyika, kila kikundi kichague watu wawili: mmoja ajue saa za maji, mwingine ajue ndege. Tukikutana tena watueleze walivyofanya.