MAZUNGUMZO: KULA KWA MKONO MMOJA BAADA YA KIHARUSI



Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huuliza ni lini atatembea. Ni wachache wanaouliza atakulaje, ingawa swali hilo humkabili jioni ile ile, mara chakula kinapotengwa.

Maradhi haya si mageni nchini. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kuwa, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa 109 kwa kila watu 100,000 katika Wilaya ya Hai, na 316 katika jiji la Dar es Salaam.

Itazamwe kata ya Pito katika Manispaa ya Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Chakula cha huko ni ugali wa mahindi au wa ulezi, maharage, na migebuka au dagaa wanaopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika. Ugali wenyewe ni chakula cha mkono mmoja: vidole vya mkono ule ule humega, hufinyanga, hutia shimo na kuchovya. Tatizo ni mkono upi uliosalia. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala mkono wa kulia. Ukidhurika, hubaki mkono wa kushoto, ambao Ufipa, kama ilivyo Unguja na Pemba, umetengewa kazi za chooni. Mzee anayelazimika kuutumia mbele ya wakwe na wajukuu huona haya, husema ameshiba, na hulala na njaa. Katika sheria ya Kiislamu mwenye udhuru hana kosa kula kwa mkono wa kushoto. Mila yoyote nyingine haina budi kumpa nafasi hiyo hiyo, na ni wajibu wa mkubwa wa nyumba kuyasema hayo waziwazi mbele ya wote, ili mgonjwa asihitaji kujitetea.

Kunawa kuna ugumu wake, kwani mkono mmoja haujisugui. Kitambaa chenye sabuni kitandazwe juu ya ukingo wa beseni, naye ausugue mkono juu yake. Asubuhi za Ufipa ni za baridi, na maji ya moto hupendwa. Lakini mkono uliopooza mara nyingi hausikii joto, hivyo maji yajaribiwe kwa mkono mzima, na bakuli la uji wa moto lisiwekwe karibu na ule uliopooza.

Bakuli huteleza likikosa mkono wa kulishika. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikiwekwa chini yake, hulizuia. Bakuli lenye kingo za wima lafaa kuliko sahani bapa, na mpini wa kijiko unenepeshwe kwa kuzungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Miiba ya mgebuka itolewe jikoni, si mbele ya wageni. Amiri Nelson wa Uingereza, aliyepoteza mkono wa kulia huko Tenerife mwaka 1797, alitumia kisu kilichounganishwa na uma, na aliendelea kuongoza manowari hadi alipouawa mwaka 1805. Wafipa walisifika zamani kwa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu; kisu chenye makali ya mviringo, kinachokata kwa kubembezwa tu, si kazi ya kumshinda fundi wa Sumbawanga.

Hatari kubwa kuliko zote ni kupaliwa. Koo lililodhoofika huweza kuruhusu chakula kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Mgonjwa akae wima, kitini ikiwezekana, asilishwe akiwa amelala wala kwa haraka, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Maji na chai huteleza upesi kuliko uji mzito. Akikohoa kila anywapo, au sauti yake ikilowa, apelekwe hospitali kabla ya mlo mwingine. Shavu lililolegea nalo likaguliwe, kwani chakula hujificha humo. Tena wapo wanaoacha nusu ya bakuli bila kuguswa, hasa upande wa kushoto. Hao si lazima wawe wameshiba, ila macho ni mazima na ubongo hauuangalii upande huo. Bakuli lizungushwe.

Kwenye sinia la pamoja wenye mikono miwili humaliza upesi. Mgonjwa apakuliwe fungu lake, lakini asitengwe chumbani. Mkeka uwe ule ule, naye awekewe kigoda.

Kwa wakuu wa ofisi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Mtumishi aliyerejea kazini na ambaye hutoka kila ifikapo chai ya saa nne, huenda anakimbia macho ya wenzake. Kikombe chake kijazwe nusu, kiwe na mkono mpana, na chapati ikatwe kabla ya kuletwa mezani.