Vigae vya Kaure Juu ya Mbao: Vikipasuka, Nani Alipe?

(Hotuba kwa mafundi na vibarua wa ujenzi wa Thika na Ruiru)



Hatutawachosha kwa maneno mengi. Jambo letu ni moja: vigae vya kaure, vile viitwavyo poseleni dukani, vikiwekwa juu ya sakafu ya mbao na kisha vikapasuka, mshahara wa nani ukatwe? Sisi twasema usikatwe wa fundi aliyefanya kazi yake sawasawa. Lakini ili tuseme hivyo bila kupingwa, yafaa kila mmoja wetu ajue kwa nini vigae hivyo hupasuka.

Huenda mtu akauliza, mbao ziko wapi siku hizi? Tangu Barabara ya Thika ilipomalizwa kupanuliwa mwaka 2012, majumba ya mawe na zege yamejaa Ruiru hadi Thika, na kuweka vigae juu ya zege si kazi ngeni kwetu. Ni kweli. Lakini mbao zipo. Zimo katika nyumba za zamani za mashamba ya kahawa, ambazo wenyewe huzigeuza ofisi au nyumba za wageni. Zimo pia katika maduka ambayo chumba kirefu hugawanywa kwa sakafu ya mbao ili kupata ghorofa ndogo juu. Na kila mwenye nyumba ataka kigae cha kung'aa.

Basi tuujue ubao kwanza. Ubao hunywa unyevu ukavimba, na ukikauka hunywea. Mvua za Aprili na Mei huupanua. Jua la Januari na Februari huurudisha. Kigae cha kaure ni kinyume chake. Kimechomwa katika tanuri yenye moto wa nyuzi 1,200 hivi, na kwa kipimo cha kimataifa hakinywi maji zaidi ya nusu sehemu katika 100 ya uzito wake. Hakivimbi wala hakipindi. Ukiwafunga hawa wawili pamoja, mmoja anatembea na mwenziwe amesimama, hapana budi kitu kipasuke.

Tena kuna kucheza kwa sakafu. Wekeni sufuria ya maji katikati ya chumba, kisha mwenzenu atembee kwa kishindo. Maji yakitikisika sana, msifungue hata katoni moja ya vigae. Kanuni ya mafundi ni kwamba boriti, ikibebeshwa mzigo wake, isipinde zaidi ya sehemu 1 katika 360 ya urefu wake kati ya nguzo na nguzo. Boriti ya mita 3.6 isipinde zaidi ya milimita 10. Ikizidi hapo, iongezewe nguzo au boriti nyingine.

Wako wanaosema, "Mwaga zege juu ya mbao, mambo yatakwisha." Tupige hesabu. Kigae cha unene wa milimita 10 kina uzito wa kilo 23 hivi kwa kila mita ya mraba. Mchanga na simiti wa unene wa sentimita 5 huongeza kama kilo 100. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Zege hiyo peke yake ni kilo 1,200! Ni kama kuegesha gari dogo ndani ya chumba cha kulala, nayo haiondoki usiku wala mchana. Na maji ya zege huingia katika mbao na kuzivimbisha siku ile ile.

Njia iliyo sawa ni hii. Ondoa ubao uliooza na kaza ulio legevu kwa skurubu, kwa maana msumari hulegea. Juu yake weka plaiwudi nzuri isiyoharibiwa na maji, hata unene wa mbao zote pamoja ufike milimita 28 hivi. Kati ya plaiwudi na plaiwudi acha nafasi ya milimita 3, na ukutani milimita 6 au zaidi, ili mbao zipate mahali pa kupumulia. Kisha panga bodi za simiti, zilazwe juu ya gundi na kukazwa kwa skurubu. Viungo vya bodi visikutane na viungo vya plaiwudi iliyo chini.

Simiti na mchanga wa kawaida haushiki vizuri mgongo wa kaure, kwa sababu kigae hakinywi. Tumia gundi ya unga iliyotiwa polima. Itandaze kwa mwiko wenye meno, na mgongo wa kigae nao uupake. Baada ya vigae vichache inua kimoja ukitazame: kama gundi haikushika sehemu 80 katika 100, unaweka vigae juu ya hewa. Bafuni ifike 95. Mtu asikanyage kabla ya saa 24 kupita, na ukingo wa ukutani ujazwe kitu kinachonyumbuka, si simiti.

Jambo la vumbi nalo tusilisahau. Kukata kaure kwa mashine kavu hutoa vumbi la silika, na ugonjwa wake wa mapafu hauna dawa ya kuuponya. Tumieni kikatio cha mkono, au mashine iliyotengenezwa kukatia kwa maji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kitambaa cha kufunga mdomo si kifaa.

Sasa turudi kwenye mshahara. Nyapara akisema, "Funika tu, tajiri anataka kuingia Jumatatu," fundi afanye nini? Aandike. Karatasi moja yatosha: tarehe, chumba, mbao zimeonekanaje, fundi ameshauri nini, na nani ameamuru vinginevyo. Nyapara atie sahihi. Akikataa, piga picha ya sakafu kabla ya kuifunika na kumpelekea ujumbe kwa simu. Vigae vikipasuka baada ya miezi sita, sakafu itakuwa imefunikwa na haitaweza kukutolea ushahidi. Karatasi itaweza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Ni makusudi gani kutii amri huku umekwisha kuonya? Lakini sikilizeni sana, ninyi mnaochukua kazi kwa mita kama makontrakta wenyewe. Kifungu hicho ni cha mwajiriwa. Ninyi mtashikwa na mapatano yenu. Basi kazi ya kukagua na kutengeneza mbao iandikwe katika bei tangu mwanzo, mbali na bei ya vigae.

Twajua neno lililo mioyoni mwenu: nikikataa mimi, langoni wako kumi wanaongoja. Ni kweli, na ndiyo sababu tumekutana. Mmoja akidai karatasi, ataitwa mkaidi. Mafundi wote wa Thika na Ruiru wakidai karatasi ile ile, hiyo itakuwa desturi ya kazi, na nyapara ataizoea kama alivyozoea pima maji. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama aondoke hapa na azimio moja: hatuweki kigae juu ya ubao ambao haukujaribiwa na kuandikwa.