Unga wa Majani: Mboga ya Wakati wa Kiangazi

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto



Mbele ya kuanza kupima watoto, tuzungumze kidogo juu ya mboga. Tangu Novemba mpaka Aprili mvua inanyesha, na lengalenga, matembele na kibwabwa vinaota hata nyuma ya nyumba. Lakini kuanzia Mei mpaka Septemba hapa Lubumbashi hakuna mvua. Bustani isiyomwagiliwa inakauka. Mu soko ya Kenya fungu la mboga linakuwa dogo na bei inapanda. Basi mu nyumba nyingi mutoto anabaki na bukari na mchuzi mwepesi.

Bukari ni chakula cha kutia nguvu, lakini peke yake haitoshi. Majani ya kijani ni chakula cha kulinda mwili. Yana vitamini A ya kulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa, na yana chuma ya kuongeza damu. Tukiyakausha wakati yako mengi, mutoto atayakula hata mu Agosti.

Namna ya kutengeneza

1. Chukua majani mazuri ya lengalenga au moringa. Ya moringa ni majani tu, si mizizi wala maganda ya mti.
2. Yaoshe mara mbili tatu mu maji safi.
3. Lengalenga uichovye kidogo mu maji ya moto, halafu uikamue.
4. Tandika majani juu ya nguo safi, mu kivuli penye upepo. Usiyaweke mu jua: jua linaharibu vitamini A.
5. Yakikauka na kuvunjika mu mkono, yatwange mu kinu, yachekeche, uweke unga mu chupa kavu yenye kifuniko, mahali pa giza. Ukiona ukungu, tupa.

Sombe usiifanye hivi. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Lazima kuyatwanga na kuyapika kwa muda mrefu.

Uchague mahali pa kuchuma

Majani mengi yanakuwa unga kidogo, na uchafu wake unabaki humo humo. Tangu 1911 mu mji wetu kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha shaba, na mavumbi yake yaliingia mu udongo. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mu mkojo, na watoto pia. Kwa hiyo usichume kando ya kiwanda, mgodi wala barabara ya magari makubwa. Kuosha kunaondoa mavumbi ya juu, lakini hakuondoi madini yaliyoingia ndani ya jani.

Namna ya kumupa mutoto

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama tu. Kutoka miezi sita, endelea kunyonyesha na umupe uji. Uji ukikaribia kuiva, tia kijiko kidogo cha unga wa majani na mafuta kidogo ya mawese, maana vitamini A inahitaji mafuta. Kamulia limau, ili chuma iingie vizuri mu damu. Chai usimupe pamoja na chakula, inazuia chuma.

Mama mumoja atauliza: «Kama niko na ule unga, juu ya nini nitafute tena samaki na maharagi?» Tuhesabu pamoja. Gramu 100 za unga wa moringa zina karibu gramu 25 za protini. Lakini kijiko kikubwa ni kama gramu 8 tu, basi protini yake ni gramu 2. Ni musaada, lakini haitoshi kujenga mwili wa mutoto. Kalanga, soja, maharagi, mayai na tusamaki tukavu havina badala.

Neno la mwisho, mulishike sana

Mutoto akivimba miguu, nywele zikibadilika rangi, akiwa na huzuni na kukataa chakula, hiyo ni kwashiorkor. Usikae nyumbani ukimupa unga wa majani na kungojea. Mulete lopitalo siku ile ile. Unga ni chakula, si dawa.

Mungu alitupa majani karibu na mlango. Tuyatumie kwa akili, na kila mwezi tulete mutoto kwenye mizani.

Sasa tuanze kupima.